Timu ya Taifa Iliyobaki Karuba

Alhamisi ile ya mwezi wa kumi, saa mbili asubuhi, Nyiransabimana alikuwa bado hajamaliza kuondoa maharagwe yake kiwanjani, na timu ya taifa ya tenisi ilikuwa imesimama pembeni ikimsubiri. Hakuna aliyemhimiza. Karuba yote ni milima, na kile kiwanja cha saruji kilichoachwa na mzungu mmoja mfuga ng'ombe, ambaye jina lake limeshasahaulika, ndicho mahali pekee tambarare pa kuanikia maharagwe na kuyapiga. Alikusanya maganda, akafagia, akabeba fimbo zake, akaenda kuketi chini ya ukuta. Ndipo Adrienne akaingia, akadundisha mpira mara tatu, akapiga mpira wa kwanza wa msimu dhidi ya mchezaji wa Togo.

Mpira ulivuka wavu na haukuanguka. Upande wa pili palikuwa na saruji tupu na punje chache zilizoponyoka ufagio. Adrienne alirudi nyuma hatua mbili, akakunja magoti, akangoja. Nyiransabimana alisali Salamu Maria moja na nusu, bila haraka, na mpira ukarudi kwa kasi juu ya wavu ukiwa umelowa, kwa sababu Lomé, huko Togo, kulikuwa na mvua. Adrienne aliupiga tena, na safari hii haukurudi.

"Quinze-zéro, Congo inaongoza!" Valentin alipaza sauti dirishani. Valentin alikuwa mtu wa phonie, yaani redio ya mawasiliano ya parokia, na chumba chake kilipakana na kiwanja. Papa Léonard, kocha, aliandika hiyo kumi na tano kwa sifuri kwenye daftari la shule, akalipuliza wino ukauke.

Timu yenyewe ilikuwa watu wanne. Papa Léonard alikuwa na miaka sitini, viatu vyeupe, na muhuri wa timu aliouficha ndani ya soksi. Maurice alitoka Kinshasa na tangu afike milima hii ya Masisi hakuwahi kuvua sweta. Alilala nalo, alicheza nalo, na alimlaumu kila mtu kwa baridi kana kwamba tumeiagiza sisi. Igiraneza alikuwa mtoto wa Nyiransabimana, mwenyeji wa hapo, na ndiye aliyewaambia wenzake kwamba kwao kuna kiwanja cha juu ambako hewa ni nyepesi na mapafu hutiwa adabu. Wa nne ni Adrienne, binti wa Butembo aliyekulia Goma, mpiga mpira hodari kuliko wote watatu, ingawa mbele ya Maurice jambo hilo lilisemwa kwa sauti ya chini.

Walipanda Karuba mwezi wa saba kwa mazoezi ya wiki mbili. Mwezi wa nane vita vikaanza. Nchi ikapata serikali mbili, baadaye ikasemekana ni tatu. Timu ya tenisi ilibaki moja. Huko chini, kwenye barabara iendayo Sake na Goma, watu wenye bunduki walitandaza kamba iliyofungwa vipande vya mifuko ya plastiki, wakakaa hapo.

Njia za miguu nazo ziliacha kufika kwingine. Maurice alizijaribu mwezi huo huo. Aliondoka alfajiri, akazunguka kwa nyuma hadi Muheto, akayaona mashamba ya Nyabiondo kwa mbali, akateremka kilima siku ya tatu, na kilima kile kikamtoa nyuma ya kiwanja cha Karuba, karibu na choo. Nyiransabimana alimpa viazi na maziwa na kumwambia kwamba wengine iliwachukua siku tano. Wenye bunduki peke yao ndio waliopita njia hizo zikawafikisha walikotaka.

Adrienne alikuwa amemwacha binti yake, Fifi, kwa mama yake Goma. Mama huyo aliitwa Kahambu, na alikuwa na duka la vitenge na sabuni. Fifi alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Adrienne alimwambia atarudi baada ya Jumapili mbili. Mtoto alijua kuhesabu mpaka mbili barabara, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kila siku Adrienne aliwaza jambo moja tu: mtoto wa umri ule husahau, na yeye alitaka kufika Goma kabla hajasahauliwa.

Sasa lazima niseme kosa la Papa Léonard, ingawa alikuwa mtu mwema na maskini hakukusudia. Asubuhi ile ya Lomé, kabla ya mpira wa kwanza, ofisi ya tenisi iliita kwenye phonie. Ilisema kwamba kwa mujibu wa kanuni mpya mchezaji huhesabiwa yupo pale mpira wake unapotua, na ikauliza: je, wachezaji wa Congo wapo Lomé? Papa Léonard alikuwa amefundisha timu miaka thelathini. Katika miaka hiyo aliwahi kukosa mipira, kukosa viatu, kukosa chakula, lakini hajawahi kukiri mbele ya ofisi kwamba timu yake haipo. Alisimama wima, akashika kipaza sauti.

"Présents," alisema. "Wapo wote tatu. Na kocha wao."

Kisha akaandika karatasi, akatoa muhuri ndani ya soksi, akagonga. Nakala moja aliiteremsha kwenye bariyeri, yaani ile kamba ya barabarani, kwa kuwa mkubwa wa pale alitaka kujua kila mgeni wa Karuba yuko wapi.

Adrienne alimshinda yule wa Togo. Jumatatu iliyofuata alioga, akavaa kitenge kizuri, akafunga mkoba wake, akateremka kwenye kamba. Mkubwa wa bariyeri alikuwa amekaa juu ya sanduku akila jibini ya Masisi kwa ncha ya kisu.

"Unaenda wapi, mama?"

"Goma. Niko na mutoto kule."

Mkubwa alipekua karatasi zake, akaipata moja, akaisoma akifuatisha kwa kidole. "Hapa wanasema uko Lomé."

"Papa, niko mbele yako."

"Mimi ninasoma karatasi, sisomi sura ya mutu. Utoke Lomé kwanza, ndipo ukuye unionyeshe karatasi ya kurudia."

Hakuwa mkali. Alimkatia hata kipande cha jibini. Adrienne alikipokea kwa sababu alilelewa vizuri, akapanda mlima akikila.

Msimu uliendelea. Dakar ilikuwa Salamu Maria mbili na nusu, na mipira ilirudi ikinuka samaki. Tunis ilikuwa Salamu Maria tatu kamili, na mipira ilirudi na vumbi jekundu ambalo Nyiransabimana alilifagia kando ili lisiingie kwenye maharagwe. Siku za kupiga maharagwe mechi zilisogezwa hadi mchana. Ofisi ilijulishwa, ofisi ikakubali. Waamuzi wa huko walizoea kuona upande mmoja wa kiwanja una kiti, taulo safi na chupa ya maji, bila mtu, na mpira ukitokea hapo kwa nguvu. Walizoea pia kupeana mkono na hewa mwisho wa mchezo. Maurice alitolewa mapema kila mahali, akasema ni sweta. Adrienne alishinda, akashinda tena, na kila aliposhinda Papa Léonard aligonga muhuri.

Kila Jumamosi saa tisa ilikuwa zamu ya Adrienne kwenye phonie. Kahambu alifunga duka akaenda kusimama kwenye phonie ya Goma, na walipewa dakika tatu, maana foleni ilikuwa ndefu pande zote.

"Redio ilisema uko Tunis," Kahambu alimwambia mwezi wa kwanza. "Fifi anauliza Tunis iko mbali sana ao iko mbali kidogo."

"Mama, umuambie siko Tunis. Niko Karuba."

Phonie ilikoroma kidogo. "Karuba iko hapa karibu, mwana wangu. Kila mutu anaijua. Nikimuambia Karuba, ataniuliza juu ya nini haukuye nyumbani. Tunis iko muzuri. Iko mbali."

Adrienne alifikiri. "Basi umuambie iko mbali sana," alisema, akampisha aliyefuata, akaenda kujikalia nyuma ya parokia na kulia kwa sauti kubwa. Alilia kama mtu aliye peke yake, ingawa watu wa foleni walikuwa wanamwona.

Ni wakati huo huo Igiraneza alichukuliwa. Wenye bunduki walikuja asubuhi wakitafuta wanaume wa kubeba masanduku kuelekea Walikale, na hawakusoma karatasi yoyote. Laiti wangeisoma, wangemkuta yupo Tunis. Walimtwisha sanduku. Raketi aliifunga juu ya mzigo, nao walimwachia, kwa kudhani ni chekecheke ya unga wa muhogo. Nyiransabimana aliwafuata mpaka kwenye mto, wakamrudisha.

Tunis haikuwa imekwisha. Ilibaki michezo ya wawili wawili, ambayo Igiraneza na Maurice walikuwa wamejiandikisha. Maurice aliingia kiwanjani peke yake, akasimama upande wake wa kushoto. Mpira ulipokuja upande wa kulia, ulimpita, ukapita juu ya ukuta, ukaenda upande wa magharibi juu ya msitu. Nyiransabimana alisali nusu Salamu Maria. Mpira ukarudi kutoka msituni, ukapita juu ya vichwa vyao, ukavuka wavu kwenda Tunis. Ulikuwa na kipande cha jani kibichi.

"Igiraneza, présent," Papa Léonard alisema, akaandika.

Tangu siku ile Nyiransabimana hakukosa mchezo hata mmoja wa wawili wawili. Alisogeza kiti chake mpaka kwenye mstari wenyewe, na hakuna aliyemwambia ni marufuku. Mpira ukitoka msituni na nguvu alisema, "Leo amekula." Ukipita chinichini alinyamaza. Kutokana na urefu wa sala zake walijua mwanawe amefika wapi: nusu Salamu Maria, kisha nusu na kidogo, kisha karibu moja, ndani kabisa ya Walikale ambako hakuna barabara. Walishinda mechi tatu hivyo. Maurice, aliyekuwa hajawahi kumsifu mtu, alisema hajapata mwenzi mzuri kuliko huyo.

Mwezi wa tatu walicheza na Nairobi. Katika seti ya pili mpira ulienda upande wa magharibi kama kawaida. Nyiransabimana alimaliza Salamu Maria moja, akaanza ya pili, akaimaliza, akaendelea. Alifika kumi. Mpira ulitokea ukutani ukibingirika chini, polepole, ukapita kati ya miguu ya Maurice, ukasimama kwenye mstari. Nyiransabimana aliinuka, akauokota, akaufuta tope kwa kitenge chake, akaenda nao nyumbani. Hakuna aliyemwomba aurudishe.

Papa Léonard alisimama mbele ya phonie. Ofisi iliuliza mara mbili mchezaji yuko wapi. Yeye alisema hajui. Ofisi ikaandika kwamba Igiraneza amejiondoa kwa hiari yake, na kwamba kwa kosa hilo amefungiwa msimu mmoja. Habari hiyo haikupelekwa kwa mama yake. Alikuwa anapika.

Ndipo Adrienne akaamua kushindwa. Aliwaza hivi: kama kushinda kunamweka Lomé na Dakar na Tunis, basi kushindwa kutamtoa huko, na mtu aliyetoka huko hana budi kuwa hapa, na mtu aliye hapa anaweza kuomba karatasi ya kwenda Goma. Ilikuwa fikira iliyonyooka. Mwezi wa tano, dhidi ya Douala, alipiga mipira yote kwenye wavu. Maurice alifunika uso kwa sweta. Mchezo uliisha kabla uji haujapoa.

Ofisi iliita jioni yake. "Mchezaji aliyeshindwa hurudishwa mahali alipoanzia safari," sauti ilisoma. "Kwa madame Adrienne, mahali hapo ni Karuba. Je, amefika salama?"

Papa Léonard alimtazama Adrienne aliyekuwa amesimama mlangoni. "Amefika salama," alisema.

"Vizuri. Dosari imefungwa." Dosari ni faili, ofisi ile haikuwa na neno ililolipenda zaidi ya hilo.

Adrienne aliteremka tena kwenye kamba, akaeleza kwamba amesharudi kutoka nje. Mkubwa alimpa pole ya safari. Alimwambia karatasi ya kurudi Karuba iko sawasawa kabisa, na inasema Karuba, kwa hiyo arudi Karuba. Lakini siku hiyo alikuwa na moyo mwepesi, na alipomwona Adrienne anageuka bila kubishana, alimwita.

"Mama, sikia. Michezo ya mwisho ya mwaka wameileta Goma. Unajua?"

Adrienne hakuwa anajua. Ni kweli: wakubwa wapya wa Goma walitaka kuonyesha kwamba kwao kuna amani, wakaomba michezo ya kufunga msimu, wakapewa.

"Ukishinda ile, unakuwa championne. Championne hakatazwe njia. Nitashusha hii kamba na mikono yangu." Alisema hivyo mbele ya watu wake wawili, na mmoja wao alitikisa kichwa kukubali.

Kwa miezi miwili Adrienne alifanya mazoezi tangu kunapambazuka. Aliusogeza mwenyewe mtama na maharagwe ya Nyiransabimana na kuyarudisha baada ya kumaliza. Mpira ulikuwa umebaki mmoja tu kati ya ile iliyokuja kwenye sanduku mwaka uliopita. Mingine ilibaki Tunis na Dakar kwa watu wanaopenda kumbukumbu, na mmoja uko kwa Nyiransabimana. Walijaribu mingine aliyoishona Maurice kwa vitambaa. Ilivuka wavu ikaanguka upande wa pili, kwa sababu haikujua njia.

Siku ya fainali ya Goma, aliyopangiwa moja kwa moja kwa ushindi wake wa msimu, ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Watu wa Karuba walikuja kukaa ukutani, na wengine walikuja na viti. Mpinzani alikuwa mwanamke wa Kameruni. Adrienne alipiga, na mpira ukarudi kabla Nyiransabimana hajafika kwenye "umejaa neema". Watu waligeuka kutazamana. Wote walijua Goma iko karibu, lakini hawakuwa wameisikia karibu hivyo. Mpira ulirudi na vumbi jeusi la volkano, lile ambalo hata ukioga halitoki kwenye kucha, na Adrienne aliponusa mkono wake alisikia mji wake.

Alicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alichukua seti ya kwanza. Katika ya pili alifika mahali ambapo alihitaji pointi mbili tu. Mkubwa wa bariyeri alikuwa amepanda mwenyewe kutazama. Kahambu, Valentin alisema, alikuwa amekaa mstari wa mbele kule Goma na Fifi mapajani.

Kisha Adrienne alipiga mpira, ukagonga utepe wa wavu, na haukurudi. Walisubiri. Valentin alitoa kichwa dirishani.

"Mupira umetoka inje. Mutoto mumoja ameuokota." Akarudi ndani kusikiliza, akatoka tena. "Anakatala kuurudisha."

Ilikuwa hivi. Asubuhi redio ya Goma ilitangaza kwamba leo Adrienne yupo mjini. Fifi alimwuliza bibi yake mama yuko wapi. Kahambu alimwonyesha upande wenye kiti na taulo, na mtoto hakuona mtu. Aliuliza tena. Kahambu akasema: ule mupira pale, mama yako iko na ule mupira. Mpira uliporuka nje ya mstari ukaangukia miguuni pake, Fifi aliukumbatia kwa mikono yote miwili, akajikunja juu yake, na watu wazima wanne hawakuweza kumfungua.

Mwamuzi alisema kanuni ni wazi. Mchezo hauwezi kuendelea bila mpira huo, na baada ya nusu saa Congo itahesabiwa imeshindwa. Ila, kwa kuwa mama wa mtoto yupo, anaruhusiwa kumwamuru. Waliisogeza phonie ya Goma kwenye vipaza sauti vya kiwanja. Valentin alimpa Adrienne kile cha kuongelea.

"Fifi," Adrienne alisema. "Ni mama. Rudisha mupira, mwana wangu. Nikishinda nitakuya."

Sauti yake ilijaa kiwanja kizima cha Goma, ikatoka kila upande. Karuba walisikia mtoto anaanza kulia. Hakulia kwa hasira. Alilia kwa woga, kama mtoto anayenyang'anywa kitu na mtu asiyemjua.

"Anashika nguvu zaidi," Valentin alinong'ona. "Anasema, Mama iko hapa, musimuchukue. Wanauliza kama bamunyang'anye."

Papa Léonard alikuwa ameshatoa muhuri. Maurice aliuma mkono wa sweta. Mkubwa wa bariyeri alimtazama Adrienne kwa kichwa kilichoinama, na inawezekana kabisa kwamba siku hiyo alikuwa mkweli. Pointi mbili. Adrienne angesema neno moja, na wangemfungua mtoto vidole.

"Mumuachie," Adrienne alisema. "Asilie. Mumuachie mupira."

Nusu saa ilipita, Valentin akatangaza matokeo, na watu wakabeba viti vyao. Mkubwa alipita mbele ya Adrienne, akashuka zake. Wiki hiyo hiyo alihamishwa, na aliyekuja badala yake aliikaza kamba kwa sababu aliikuta imelegea. Kwenye karatasi zake Adrienne aliandikwa yupo Goma, kwa kuwa mpira wake ulibaki huko, na hakuna mtu aliye Goma anayehitaji kibali cha kwenda huko.

Kahambu alileta habari kila Jumamosi. Fifi anaoga na mpira. Fifi amelala na mpira. Fifi ameomba mpira ushonewe sweta kwa kuwa asubuhi kuna baridi, na Kahambu ameushonea. Mtoto amenenepa, hakojoi tena kitandani, haulizi tena mama atarudi lini. Kahambu alisema haya kwa furaha, kisha akasema, "Unisamehe." Adrienne alimwambia hakuna kosa. Lilikuwepo, lakini halikuwa la Kahambu.

Mwezi wa tisa Fifi alianza shule ya chekechea. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo Kahambu alikwenda naye kwenye phonie, akamwinua mpaka kwenye kipaza sauti.

"Sema jambo," Adrienne alimsikia mama yake akisema.

"Jambo, mama," Fifi alisema. Alisema kwa adabu mpya ya shule, kama anavyosalimiwa mwanamke yeyote mtu mzima. Sauti yake ilikuwa imekua. "Muko wapi?"

"Niko Karuba."

"Munaitwa nani?"

"Adrienne."

"Ni sawa na mama yangu," Fifi alisema, naye akafurahi. "Iko hapa. Iko mu mufuko yangu. Munataka nimuambie kitu?"

Nyuma ya Adrienne foleni ilikuwa imesogea mpaka mlangoni, na Valentin alikuwa ameinua kidole kuonyesha dakika moja. Dirishani zilisikika fimbo za Nyiransabimana zikipiga maharagwe.

"Ndiyo," Adrienne alisema. "Umuambie, pa kuvuka barabara ya kwenda shule, akushike mukono. Ile barabara iko na makamyo mengi. Akushike nguvu mupaka ngambo."

"Nitamuambia," alisema Fifi.